Malkia Hai Kutoka Nje ya Nchi: Tathmini ya Huduma ya Mzalishaji na Msafirishaji

Kampuni ninayoitathmini hapa huzalisha malkia wa nyuki wa asali na kuwasafirisha wakiwa hai, kwa ndege, hadi kwa wafugaji walio katika nchi nyingine. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanamhusu yeyote anayefanya biashara hii. Malkia wao ni wazuri, ufungaji wao ni wa uangalifu mkubwa, na katika suala la vibali wana msimamo ambao ningependa kuuona kwa kila muuzaji. Hata hivyo, maelekezo wanayompa mnunuzi kuhusu kazi ya kufanya baada ya mzigo kufika yana kasoro nzito, na kasoro hiyo ipo mahali pale pale ambapo uzembe wa dakika chache unaweza kuhamisha ugonjwa kutoka bara moja hadi jingine. Kwa sababu hiyo nitaieleza huduma hii pamoja na kanuni zinazoizunguka, ili anayefikiria kuagiza ajue analipia nini, na ajue pia ni kazi gani ambayo hakuna muuzaji anayeweza kumfanyia.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba walikataa kupokea malipo kabla ya kuona kibali changu cha kuingiza nyuki hai. Kibali hicho hutolewa na mamlaka ya afya ya wanyama ya nchi inayopokea, na ndicho kinachotamka masharti yote mengine: nyuki watoke nchi gani, wawe malkia peke yao au kundi zima, wapimwe magonjwa gani, waingilie kiwanja gani cha ndege, na wakae wapi baada ya kufika. Masharti hayo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hupokea kutoka nchi zisizo wanachama malkia tu, kila mmoja katika kizimba chake na nyuki wahudumu, yaani wanaomlisha njiani, wasiozidi 20. Kanada iliufunga mpaka wake kwa pakiti za nyuki (maelfu ya nyuki wanaouzwa bila masega) kutoka Marekani mwaka 1987, ingawa malkia wanaruhusiwa kwa masharti. Zipo pia nchi zisizoruhusu kabisa nyuki hai kuingia. Muuzaji anayesema kwamba ana uzoefu na hivyo kibali kinaweza kufuatiliwa baadaye anamweka mteja hatarini, kwa sababu mzigo wa nyuki uliokwama forodhani hauwezi kusubiri makaratasi, na mwisho wake huwa ni kurudishwa au kuteketezwa.

Baada ya kibali hufuata cheti cha afya, na hapa ndipo nilipoiona thamani halisi ya fedha zangu. Cheti kinachotambulika ni kile kilichotiwa saini na kugongwa muhuri na daktari wa mifugo wa serikali ya nchi inayouza, au afisa aliyepewa mamlaka hayo kisheria. Barua nzuri ya kampuni yenyewe, hata ikiwa na nembo ya kuvutia, si cheti. Wafanyakazi wa kampuni hii walinitumia rasimu ya cheti kabla ya safari na kunitaka niilinganishe na kibali changu neno kwa neno. Rasimu hiyo ilisema kwamba manzuki, yaani mahali mizinga inapowekwa, yalikaguliwa na nyuki wakakutwa na afya njema, ilhali kibali changu kilidai tamko mahususi kwamba eneo la kilomita 100 kuzunguka manzuki halikuwa chini ya zuio lolote linalohusu mende mdogo wa mizinga wala utitiri wa Tropilaelaps. Niliwaandikia, wakalirudisha suala hilo kwa afisa wao, na cheti kikaandikwa upya kabla ya malkia kuondolewa kwenye mizinga. Ni hatua inayochosha pande zote mbili, lakini ndiyo inayozuia mzigo kukataliwa mlangoni.

Magonjwa yanayotajwa kwenye vyeti vya aina hii hayakuchaguliwa kiholela. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa mwaka 1924 na lenye makao yake Paris, limeorodhesha maradhi na wadudu waharibifu sita wa nyuki katika kanuni zake za wanyama wa nchi kavu: magonjwa mawili ya bakteria yanayoozesha majana (nyuki wachanga ambao bado wamo kwenye vyumba vya masega), yaani lile la Kimarekani na lile la Kiulaya, utitiri wa aina tatu, Acarapis, Tropilaelaps na Varroa, pamoja na mende mdogo wa mizinga. Nchi nyingi hujenga masharti yao juu ya orodha hiyo, kisha kila moja huongeza yake.

Historia ya Acarapis inaonyesha jinsi kanuni hizi zilivyozaliwa. Utitiri huu huishi ndani ya mirija ya hewa ya nyuki aliyekwisha komaa, haonekani kwa macho, na ulihusishwa na vifo vingi vya makundi ya nyuki Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Marekani ilitunga sheria mwaka 1922 ya kuzuia nyuki hai kutoka nje hasa kwa kuuhofia, na zuio hilo lilisaidia kwa miongo mingi, maana utitiri huo haukuonekana huko hadi mwaka 1984. Kwa mnunuzi wa leo somo lake ni la kiutendaji: kuwatazama nyuki kwa macho na kuona wanaruka vizuri hakuthibitishi chochote kuhusu Acarapis, na ni lazima sampuli za nyuki wa manzuki husika zipasuliwe na kuangaliwa kwa hadubini. Nilipoomba matokeo ya maabara ya manzuki walikotoka malkia wangu, kampuni ilinitumia bila kusita, yakiwa na tarehe na namba za mizinga.

Hilo ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote katika tathmini hii. Malkia anayefika ndani ya kizimba ni mdudu mmoja mwenye sura nzuri, na kwa kumtazama huwezi kujua chochote cha maana juu yake. Mnunuzi analipia kumbukumbu za manzuki alikozaliwa: ukaguzi wake, vipimo vyake, magonjwa yaliyowahi kupita hapo, dawa zilizotumika, na mipaka ya eneo hilo na jirani zake. Muuzaji asiyeweza kuonyesha kumbukumbu hizo hana bidhaa ya kuuza, hata malkia wake wakitaga vizuri namna gani. Kampuni hii inazo, tena zimepangwa vizuri, na kwa hilo peke yake inawapita wengi. Nilivutiwa pia kuona kwamba wanaandika dawa walizotumia dhidi ya majana kuoza, kwa kuwa viuavijasumu huficha dalili za ugonjwa wa Kimarekani bila kuziua spora zake (chembe sugu zinazoueneza), na manzuki yanayoonekana safi kwa sababu ya dawa yanaweza kuwa chanzo cha maambukizi.

Nije sasa kwenye mzigo wenyewe. Vizimba vilikuwa vya mbao, vya umbo lile linalojulikana kwa jina la Benton, lenye vyumba vitatu vya duara vilivyochongwa kwenye kipande kimoja cha ubao na kufunikwa kwa wavu mwembamba wa waya. Vyumba viwili hukaliwa na malkia na wahudumu wake, na cha tatu hujazwa kinyunya cha sukari ambacho ndicho chakula chao cha njiani. Kila kizimba kilikuwa na namba iliyolingana na namba kwenye cheti, na kila malkia alikuwa na doa la rangi mgongoni lililolingana na mwaka aliozaliwa. Wafugaji wanaufahamu utaratibu huo wa kimataifa: nyeupe ni ya miaka inayoishia na 1 au 6, njano 2 au 7, nyekundu 3 au 8, kijani 4 au 9, na buluu 5 au 0. Rangi isiyolingana na karatasi ingekuwa sababu ya kutosha ya kuuliza maswali mazito, kwa kuwa ama malkia si yule aliyekaguliwa, ama ni wa mwaka uliopita.

Vizimba vilipangwa ndani ya sanduku lenye matundu pande zote, nalo sanduku likafunikwa kwa wavu wa pili uliobana kiasi kwamba hata nyuki akitoka kwenye kizimba asingeweza kutoka nje. Wavu huo wa pili una kazi nyingine isiyofikiriwa na wengi, nayo ni kumzuia mende mdogo wa mizinga asiingie ndani wakati sanduku limekaa ghalani. Mende huyu ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi, na harufu ya nyuki humvuta kutoka mbali. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ambako makundi ya nyuki wenyeji humdhibiti vizuri na wafugaji wengi hawamhesabu kuwa tatizo kubwa. Alipofika Marekani miaka ya 1990, Australia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kusini mwa Italia mwaka 2014, alikuta nyuki wasiomzoea, na viluwiluwi vyake vikayageuza masega ya asali kuwa uozo unaotiririka. Mdudu anayeweza kuwa wa kawaida kabisa mahali anakotoka mzigo anaweza kuwa balaa mahali unakokwenda.

Kuhusu kinyunya, niliuliza swali ambalo namshauri kila mnunuzi aliulize kwa maandishi: je, kina asali ndani yake? Kwa jadi wafugaji walikanda sukari ya unga na asali, na nyuki hukipenda kinyunya cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba asali ndiyo njia bora ya kusafirisha spora za ugonjwa wa Kimarekani wa kuoza majana. Spora hizo huishi kwa miongo kadhaa, hazimdhuru nyuki mkubwa anayezila, lakini buu wa siku moja anaweza kuangamizwa na spora zipatazo kumi tu anapolishwa na nyuki vibarua. Kwa hiyo malkia na wahudumu wanaweza kuwa wazima kabisa, kizimba kikawa safi kwa macho, na ugonjwa ukaingia nchini kupitia chakula cha safari. Kampuni ilijibu kwamba hutumia sukari ya unga na sharubati ya sukari pekee, na ikatoa tamko hilo kwa maandishi lililoambatanishwa na cheti. Nimeridhika nalo.

Joto la safarini ni eneo ambalo huduma yao ni ya wastani. Malkia hupandwa katika kipindi kimoja kifupi tu cha ujana wake, kisha huhifadhi manii ya madume wengi ndani ya kifuko chake kwa maisha yake yote. Tafiti zimeonyesha kwamba baridi iliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi au joto lililozidi nyuzi 38, hata kwa saa chache, huweza kupunguza uhai wa manii hayo. Malkia aliyepata shida hiyo hufika akitembea vizuri na kutaga vizuri kwa majuma ya mwanzo, kisha huanza kutaga mayai ya madume kabla ya wakati wake, na mfugaji hubaki akijilaumu. Kanuni za usafirishaji wa wanyama hai za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga huelekeza jinsi nyuki wanavyofungwa na kutunzwa njiani, ila utekelezaji wake ghalani na uwanjani hutegemea watu waliopo zamu. Kifaa kidogo cha kurekodi joto, kinachowekwa katikati ya vizimba, ndicho pekee kinachoweza kueleza baadaye kilichotokea. Kampuni huuza kifaa hicho kama nyongeza ya hiari. Naona kingepaswa kuwa sehemu ya kila mzigo, na ningekubali bei ya malkia iongezwe kidogo kwa ajili hiyo.

Mawasiliano yao yalikuwa mazuri, na wakala wa forodha waliyenielekeza kwake aliifahamu kazi yake. Sina la kuongeza hapo.

Sasa niingie kwenye kasoro niliyoitaja mwanzoni. Ndani ya sanduku niliikuta karatasi ya maelekezo iliyochapishwa kwa rangi, ikimshauri mnunuzi aweke kizimba kama kilivyo, pamoja na nyuki wahudumu, moja kwa moja katikati ya masega ya kundi linalompokea malkia, ili vibarua wa kundi hilo wale kinyunya taratibu hadi malkia awe huru. Kwa malkia aliyenunuliwa kutoka kwa jirani ndani ya nchi ileile, ushauri huo ni wa kawaida na hauna ubaya. Kwa malkia aliyevuka mpaka, ni ushauri wa hatari, na katika nchi nyingi unakwenda kinyume cha sheria moja kwa moja.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya inalieleza jambo hili kwa uwazi ambao ningependa kuuona kila mahali. Malkia anapofika hutolewa kwenye kizimba alichosafiria na kuhamishiwa kwenye kizimba kipya kabla hajakaribia kundi lolote la nyuki. Kizimba cha zamani, nyuki wahudumu wote, na kila kitu kilichosafiri nao hupelekwa kwenye maabara iliyoteuliwa, ambako hukaguliwa kutafuta mende mdogo wa mizinga, mayai yake na viluwiluwi vyake, pamoja na dalili za Tropilaelaps, kisha vyote huteketezwa. Sharti hili halikutungwa kwa kuwaza tu. Mwaka 2004, vizimba vya malkia vilivyotoka Texas na kufika Ureno vilikutwa na mende huyo akiwa katika hatua za awali za ukuaji, mzigo ukateketezwa, na uvamizi ukazuiwa kabla haujaanza. Laiti vizimba vile vingewekwa mizingani kwa kufuata karatasi kama niliyoikuta mimi, historia ya ufugaji nyuki wa Ulaya ingeweza kuchukua mkondo mwingine muongo mzima kabla ya tukio la Italia.

Wahudumu ndio hatari kuu ya mzigo huu, na inashangaza jinsi wanavyosahauliwa. Malkia humulikwa, huhesabiwa, hutiwa alama na kupewa namba. Wahudumu ni vibarua wa kawaida waliochotwa kutoka kwenye mzinga ili wamlishe. Lakini ni juu ya miili yao ambapo Varroa hujishikiza, hasa chini ya bamba za tumbo ambako haonekani kirahisi. Ni ndani ya vifua vyao ambamo Acarapis huzaana, na ni katika utumbo wao ambamo spora husafiri. Utitiri mmoja wa kike wa Varroa unaoingia kwenye chumba cha majana kabla hakijafunikwa unaweza kuanzisha ukoo mzima, kwa kuwa dume na majike huzaliwa humo humo na kupandana kabla ya nyuki mchanga kutoka.

Kazi ya kumhamisha malkia si ngumu, ila inahitaji mahali pafaapo. Nilitumia chumba kilichofungwa vizuri chenye dirisha moja, ili nyuki anayeponyoka aende kwenye mwanga na kukamatwa hapo kwenye kioo. Kizimba hufunguliwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu. Malkia huelekezwa atembee mwenyewe kuingia kwenye kizimba kipya chenye wahudumu wapya, waliotolewa kwenye kundi litakalompokea. Na wale waliosafiri naye hubaki ndani ya mfuko, ambao hufungwa na kuwekwa kwenye barafu hadi ufike maabara. Nilipokiinua kizimba kitupu na kukikung'uta juu ya karatasi nyeupe, zilianguka chembe za sukari, vipande vya nta na mguu mmoja wa nyuki. Zote zilikwenda maabara pamoja na kizimba, na majibu yalirudi yakiwa safi. Usafi huo ni sifa ya kampuni, lakini ulithibitishwa na utaratibu ambao karatasi yao ilinishauri niuruke.

Kuna jambo jingine la upande wa mauzo ambalo sikulipenda. Mfanyakazi mmoja alinipendekezea kwa bidii ninunue pakiti za nyuki, au hata makundi madogo yaliyokwisha kaa juu ya masega, akisema kwamba kwa bei hiyo ningepata mzinga unaoanza kazi mara moja. Kisheria toleo lile lisingewezekana kwangu, kwa kuwa kibali changu kilitaja malkia peke yao, na cheti walichokuwa wakikishughulikia kilitaja hivyo pia. Hata pale inaporuhusiwa, tofauti ya hatari ni kubwa mno kuitaja kama suala la bei. Malkia na wahudumu wachache wanaweza kukaguliwa mmoja mmoja. Pakiti ina maelfu ya nyuki. Na kundi lenye masega lina majana, asali, chavua na nta, yaani makazi kamili ya karibu kila kiumbe kilichomo kwenye orodha ya magonjwa sita. Tropilaelaps ni mfano mzuri. Utitiri huu, ambao asili yake ni nyuki wakubwa wa Asia, hauwezi kujilisha vizuri kwa nyuki aliyekomaa na hufa baada ya siku chache ukikosa majana. Kusafirisha malkia bila sega lolote kunaukata mnyororo wake. Kusafirisha sega lenye majana kunaupa tiketi ya ndege.

Wapo wafugaji wanaodhani kwamba masharti haya ni urasimu wa kuwakomoa. Nawaomba waitazame Australia, iliyokuwa nchi ya mwisho kubwa katika ufugaji nyuki kubaki bila Varroa. Juni 2022 utitiri huo ulionekana katika mizinga ya uchunguzi iliyokuwa imewekwa kwenye bandari ya Newcastle. Makundi mengi sana yakateketezwa katika juhudi za kuutokomeza. Na Septemba 2023 mpango wa kuutokomeza ukaachwa, nchi ikaanza kujifunza kuishi nao. Hakuna muujiza uliobaki baada ya hapo. Australia ileile, kwa upande wa kuagiza nyuki, ina utaratibu ninaouona kuwa bora kuliko wote ninaoufahamu: malkia kutoka nje huingizwa katika kituo cha karantini cha serikali cha Mickleham, karibu na Melbourne, wahudumu huuawa na kuchunguzwa, na malkia mwenyewe haachiwi kamwe kutoka. Wanaotoka ni uzao wake tu, baada ya uchunguzi kukamilika. Mfugaji anapata damu, yaani nasaba, aliyoitaka, na kila kilichosafiri na malkia hubaki ndani ya kuta.

Suala la damu linastahili uzito wake, na hapa tovuti ya kampuni ina maelezo mafupi kuliko inavyopaswa. Husema kwamba nyuki wao ni wapole na wazalishaji, jambo ambalo kwa malkia wangu naona ni kweli, lakini haimuulizi mnunuzi kuna nyuki gani wenyeji katika eneo lake. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia wa nyuki wa Kiafrika kutoka Afrika Kusini na Tanzania kwa ajili ya utafiti. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwapo, na kufikia mwaka 1990 uzao wao ulikuwa umeshaingia Texas. Nyuki wale walikuwa na afya. Hakuna cheti cha magonjwa ambacho kingewazuia. Mfano wa pili haukuvuka hata mpaka wa nchi: mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini waliwahamisha nyuki wa Rasi, aina ya asili ya kusini, kwenda kaskazini mwa nchi hiyo, na kwa kuwa vibarua wa nyuki hao wanaweza kutaga mayai ya kike bila kupandwa, walijipenyeza katika makundi ya majirani zao na kuyaangamiza kwa wingi. Kampuni inayouza kwa dunia nzima ingekuwa na wajibu wa kuuliza swali hilo kabla ya kupokea agizo, na kumkatalia yule ambaye jibu lake linatia shaka.

Baada ya malkia kupokelewa, masharti ya kibali changu yalitaka awekwe katika kundi dogo lililotengwa na manzuki mengine, chini ya ukaguzi, hadi majana aliyoyataga mwenyewe yafunikwe, yakaguliwe, na vibarua wake wa kwanza watoke. Nyuki kibarua huchukua siku 21 kutoka yai hadi kutoka chumbani, kwa hiyo karantini fupi kuliko mzunguko huo haina maana, hasa kwa ugonjwa wa Kimarekani ambao huonekana wazi zaidi kwenye majana yaliyokwisha funikwa. Kampuni hutoa dhamana ya malkia kwa muda mfupi kuliko mzunguko huo. Wanapaswa kuilinganisha na muda wa karantini, kwa sababu mnunuzi mtiifu ndiye anayechelewa kugundua kasoro na ndiye anayenyimwa fidia.

Kwa anayehitaji damu mpya lakini hana mahali pa karantini, kuna njia yenye hatari ndogo zaidi, nayo ni kuagiza manii ya madume badala ya nyuki hai. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kimeingiza Marekani manii ya nyuki wa asili ya Italia, Slovenia na Georgia kwa njia hiyo na kuyapandikiza kwa malkia waliozaliwa humo humo. Baadhi ya virusi huweza kupita kwenye manii, hivyo vipimo bado vinahitajika, lakini utitiri na mende hawana pa kujificha. Kampuni hii haitoi huduma hiyo kwa sasa.

Niliwaandikia kuhusu karatasi ya maelekezo nikiambatanisha masharti ya kibali changu. Walijibu kwa heshima kwamba karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya wateja wao wa ndani na kwamba wataandaa nyingine kwa mizigo ya nje. Hadi ninapoandika bado sijaiona. Kwa ubora wa malkia, kumbukumbu za manzuki na ukali wao kuhusu vibali nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa yale wanayomwambia mnunuzi afanye akishafungua sanduku nawapa moja. Mwenye kibali mkononi, maabara iliyokubali kupokea wahudumu, na mzinga wa karantini ulio mbali na mingine anaweza kuagiza kwao kwa utulivu, mradi aombe kifaa cha kurekodi joto, adai tamko la kinyunya kwa maandishi, na aiweke kando ile karatasi ya rangi.